Maswali ya Wasomaji: Bob Metcalfe, Ethaneti na kebo za ofisini

Robert Metcalfe, mhandisi wa Marekani aliyeanzisha Ethaneti, yaani mfumo wa kuunganisha kompyuta za jengo moja kwa kebo, alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2022. Tangu hapo barua kumhusu zimezidi nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zinazogusa ufundi na zinazouliza alifikaje alikofika. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

Mwalimu wetu anasema Metcalfe ndiye aliyevumbua intaneti. Mwenzangu anakataa. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tabora*

Mwenzako. Metcalfe alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1946, na alimaliza MIT mwaka 1969 akiwa na shahada mbili, moja ya uhandisi wa umeme na nyingine ya uongozi wa viwanda. Ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mtandao ulioizaa intaneti, ulitoka UCLA kwenda Stanford Research Institute tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, na yeye hakuwamo. Aliingia muda mfupi baadaye kwa mlango wa mafundi: akiwa mwanafunzi wa uzamivu Harvard aliomba aiunganishe kompyuta ya chuo na ARPANET, Harvard wakaona kazi hiyo ni nzito mno kwa mwanafunzi. MIT, palepale mjini Cambridge, wakamwajiri aifanye kwao. Akajenga saketi za kuunganisha kompyuta yao ya PDP-10 na IMP, mashine iliyopokea pakiti, yaani vipande vya data, na kuzisukuma mbele.

Mchango wake mkubwa uko upande mwingine. ARPANET iliunganisha miji kwa laini za simu za kukodi za kilobiti 50 kwa sekunde. Ethaneti iliunganisha vyumba. Na hata huko hakuwa peke yake: hataza ya Marekani namba 4,063,220 ya Desemba 1977 ina majina manne, Metcalfe, David Boggs, Chuck Thacker na Butler Lampson. Mwambie mwalimu kwa adabu.

Nimesoma kwamba Harvard waliikataa tasnifu yake, kisha wimbi la redio la Hawaii likamwokoa. Naomba hesabu yenyewe, si hadithi.
*Mhadhiri msaidizi, Dodoma*

Hesabu hii hapa. Kamati iliikataa tasnifu mwaka 1972 kwa sababu ilieleza namna ARPANET inavyofanya kazi lakini nadharia yake ilikuwa haba. Wakati huo Metcalfe alikwisha kupata ajira Xerox PARC, kituo cha utafiti cha Palo Alto, California. Bob Taylor wa PARC akamwambia aje tu, tasnifu ataimalizia kazini.

Mwaka huohuo alisoma makala ya Norman Abramson wa Chuo Kikuu cha Hawaii kuhusu ALOHA. Mfumo huo uliunganisha visiwa kwa redio, kwa biti 9,600 kwa sekunde, na chaneli moja ikitumiwa na wote. Mwenye pakiti anaituma anapotaka. Asipopata uthibitisho kwamba imepokelewa, anasubiri muda wa kubahatisha na kutuma tena.

Chukua kwamba kila pakiti inakaa hewani kwa muda T. Yako itaharibika ikiwa mwingine alianza kutuma ndani ya T kabla yako, au ataanza ndani ya T baada yako. Dirisha la hatari ni 2T. Kwa mgawanyo wa Poisson, pakiti zinazofaulu ni G mara e kwa kipeo cha −2G, ambapo G ni wingi wa pakiti zinazojaribu kupita katika muda T. Thamani ya juu kabisa inapatikana G ikiwa 0.5, nayo ni 1/(2e), asilimia 18.4 ya uwezo wa chaneli. Ukiwafunga wote waanze kwa mpigo mmoja wa saa, dirisha linabaki T na kikomo kinapanda hadi asilimia 36.8.

Kilichomkera Metcalfe si ufinyu wa asilimia hizo. Ni dhana iliyofichwa ndani ya mlinganyo: kwamba watumiaji hawana idadi, na kwamba kila mmoja anaendelea kuchapa hata kama hajajibiwa. Mtu wa kweli akikosa jibu huacha kuchapa na kungoja. Akaikokotoa upya kwa idadi maalumu ya watumiaji wanaongoja, akaona mambo mawili. Kwanza, mzigo ukizidi mfumo unaweza kujifunga wenyewe: migongano inazaa marudio, marudio yanazaa migongano. Pili, hilo linazuilika iwapo kila kituo kitarefusha muda wake wa kungoja kadiri kinavyoona msongamano. Harvard walipokea tasnifu hiyo mwaka 1973.

Kwa maoni yetu, ustadi wake mkubwa uko hapa kuliko kwenye kebo. Makala ya Abramson ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuisoma.

Kwa nini Ethaneti ya kwanza ilikuwa ya megabiti 2.94 kwa sekunde, namba isiyo na kichwa wala miguu? Na walitumia vifaa gani?
*Fundi wa mitambo, Mombasa*

Namba hiyo ilitoka ndani ya kompyuta yenyewe. Alto, kompyuta ya PARC iliyosanifiwa na Thacker, ilikuwa na saa ya nanosekunde 170. Mipigo miwili ni nanosekunde 340. Weka biti moja kila nanosekunde 340 upate megabiti 2.94 kwa sekunde. Hawakuhitaji saa ya pili kwenye kadi ya mtandao.

Haja ya kasi ililetwa na printa. Gary Starkweather alikuwa ametengeneza printa ya leza ya nukta 500 kwa inchi. Karatasi ya inchi 8.5 kwa 11 kwa kipimo hicho ina nukta zaidi ya milioni 23, na kila nukta ni biti moja. Kwa laini ya biti 9,600 ukurasa mmoja usiobanwa ungechukua kama dakika 40 kufika. Kwa 2.94, sekunde 8 hivi.

Waraka wa Metcalfe unaoeleza mpango huo na kuupa jina la Ethaneti una tarehe 22 Mei 1973. Jina alilitwaa kwa etha, kitu ambacho wanafizikia wa karne ya 19 walidhani kimejaza anga na kubeba mwanga, mpaka jaribio la Michelson na Morley la 1887 likashindwa kukiona. Boggs, aliyekuwa na mkono mwepesi wa vifaa vya redio, ndiye aliyekaa naye kujenga na kusaka hitilafu. Tarehe 11 Novemba 1973 mtandao ulifanya kazi.

Vifaa: kebo ya koaksia (waya wa katikati uliozungukwa na ngao ya chuma) isiyozidi kilomita 1, vitobozi vya kampuni za televisheni za kebo (vile vya kung'ata kebo bila kuikata), transiva (kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi) juu ya kila kitobozi, na kadi ndani ya Alto. Anwani ilikuwa biti 8, kwa hiyo vituo visizidi 256. Hakuna kompyuta ya kati. Hilo lilikuwa la makusudi, kwani kifaa cha kati kikifa wote wanakufa.

Kanuni walizoongeza juu ya ALOHA ni tatu. Sikiliza kabla ya kutuma, ukikuta kebo ina mawimbi ngoja. Sikiliza pia unapotuma, na ukiona kilichoko kwenye kebo sicho ulichotuma, nyamaza mara moja badala ya kumaliza pakiti iliyokwisha haribika. Kisha ngoja muda wa kubahatisha unaokua. Katika toleo la megabiti 10 lililokuja kuwa la kawaida, baada ya mgongano wa kwanza kadi inachagua 0 au 1, wa pili 0 hadi 3, wa tatu 0 hadi 7, na kuendelea hadi 0 mpaka 1,023 kuanzia mgongano wa kumi. Namba iliyopatikana inazidishwa kwa mikrosekunde 51.2. Majaribio 16 yakishindwa, kadi inakata tamaa na kuripoti kosa. Ukiondoa bahati nasibu, wawili waliogongana watangoja muda sawa na kugongana tena, na tena.

Fremu ya Ethaneti haipungui baiti 64. Nani aliamua, na kwa nini hazikuwa 60 au 100?
*Mwanafunzi wa TEHAMA, Kisumu*

Fremu ni pakiti jinsi inavyosafiri kwenye kebo, na urefu wa kebo ndio ulioamua. Mtumaji anatambua mgongano akiwa bado anatuma tu. Akimaliza mapema, mgongano utatokea kwenye ncha ya mbali naye ataamini pakiti imefika salama. Basi fremu fupi kabisa lazima ichukue muda mrefu kuliko safari ya wimbi kwenda ncha ya mbali na kurudi.

Mtandao mkubwa wa kebo nene ulikuwa vipande 5 vya mita 500 vilivyounganishwa kwa ripita 4 (vifaa vya kupokea wimbi na kulituma upya kwa nguvu), jumla mita 2,500. Kwenda na kurudi ni mita 5,000. Wimbi ndani ya kebo ile husafiri kwa takribani robo tatu ya kasi ya mwanga, hivyo kebo peke yake inakula mikrosekunde kama 22. Ripita, transiva na kebo za kushukia zinakula zilizobaki, na juu yake kuna akiba. Wasanifu wakaweka biti 512, ambazo kwa megabiti 10 ni mikrosekunde 51.2. Biti 512 ni baiti 64.

Likivunjwa sharti hili kwa kuongeza ripita ya tano au kebo ndefu mno, kunatokea kinachoitwa mgongano wa kuchelewa, yaani baada ya baiti 64 kupita. Kadi hairudii pakiti hiyo. Mtandao hauzimiki, unakuwa mzito tu bila sababu inayoonekana, na ni balaa kuutafuta. Swichi za leo zinazotuma na kupokea kwa wakati mmoja hazina migongano kabisa, lakini baiti 64 zimebaki ili fremu za zamani na mpya zielewane.

Chuo chetu kimepewa kompyuta za zamani na kebo nyembamba ya duara yenye plagi za BNC. Tunataka kuwaonyesha vijana mtandao wa enzi hizo. Tumeunga zote, hakuna hata moja inayoona nyingine. Tuanzie wapi?
*Wakufunzi, Morogoro*

Anzieni na mita ya umeme. Hakikisheni kebo ni RG-58 ya omu 50. Ya televisheni ni ya omu 75 na kwa macho zinafanana, kwa hiyo someni maandishi ubavuni. Zimeni kompyuta zote. Chomoeni kiungo cha T kwenye kadi moja, kebo zake mbili zikibaki zimeungwa, kisha pimeni kati ya pini ya katikati na ganda.

Mkipata omu 25 au zaidi kidogo, resista mbili za mwishoni zipo na kebo ni nzima, maana omu 50 mbili sambamba ni 25. Mkipata kama 50, resista moja haipo au kebo imekatika upande mmoja. Kipimo kikikaribia sifuri, kuna shoti, mara nyingi unyuzi wa ngao uliogusa pini ndani ya BNC iliyobanwa vibaya. Kisipoonyesha kitu kabisa, T yenyewe ni mbovu au pande zote mbili zimekatika. Gaweni kebo katikati, mpime nusu nusu.

Bila resista ya mwisho wimbi likifika ncha linarudi na kugongana na linalokuja, na kila kadi inaona migongano isiyoisha. Ndiyo maana kasoro ya sehemu moja inawaua wote. T ikae moja kwa moja nyuma ya kadi; msiweke kipande cha kebo kati ya T na kadi, kosa linalofanywa sana na walioizoea antena. Kipande kimoja kisizidi mita 185 wala kompyuta 30, na kati ya T mbili pawe na nusu mita au zaidi. Ngao ikiunganishwa ardhini, iwe mahali pamoja tu.

Kama Xerox ndiyo iliyokuwa na hataza, kwa nini waliotajirika ni wengine?
*Mfanyabiashara, Kampala*

Kwa sababu Metcalfe aliwashawishi kuiachia. Aliondoka PARC mwaka 1975 kwenda Citibank, akarudi Xerox 1976, kisha akaondoka moja kwa moja mwanzoni mwa 1979. Akiwa mshauri wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation alitakiwa awasanifie mtandao mwingine usiogusa hataza ya Xerox. Yeye akaona afadhali Digital waketi na Xerox. Intel nao wakaingia, wakitafuta soko la chipu zao. Kampuni hizo tatu zilitoa maelezo ya pamoja tarehe 30 Septemba 1980: megabiti 10, anwani za biti 48. Xerox wakatoza leseni ya dola 1,000, malipo ya mara moja, kwa yeyote. Juni 1983 taasisi ya wahandisi IEEE ikaipitisha kuwa kiwango namba 802.3.

Metcalfe alikuwa amekwisha anzisha kampuni yake, 3Com, Juni 1979. Uzito wa kibiashara ulikuwa bei: kebo nene yenye transiva za nje ilikuwa ghali kuliko kompyuta ndogo zilizokuwa zikiingia sokoni. Mwaka 1982, Ron Crane wa 3Com alisanifu EtherLink, kadi ya IBM PC yenye transiva ndani na kebo nyembamba ile waliyonayo wenzetu wa Morogoro. Iliuzwa dola 950. IBM walipokuja na mtandao wao wa Token Ring wa megabiti 4 mwaka 1985, yenye nadharia safi zaidi kwa sababu kila kituo kina zamu yake, tayari kadi za Ethaneti zilikuwa za watengenezaji wengi wanaoshindana. Token Ring ilikuwa na hoja nzuri. Ethaneti ilikuwa na bei.

Alikaa 3Com hadi 1990, bodi ilipomchagua Éric Benhamou kuwa mkurugenzi mkuu badala yake.

Sheria ya Metcalfe ni sheria kweli?
*Mchumi, Arusha*

Sheria hiyo, kwamba thamani ya mtandao inakua kwa mraba wa idadi ya watumiaji wake, ilianza kama picha ya mauzo. Mnamo 1980 aliwaonyesha wateja mistari miwili: gharama ya kadi inapanda kwa mstari ulionyooka, ilhali jozi zinazoweza kuwasiliana ni n(n−1)/2, n ikiwa idadi ya vituo. Vituo 3 vina jozi 3. Vituo 30 vina jozi 435. Ujumbe kwa mteja aliyenunua kadi tatu akalalamika hazina faida ulikuwa mmoja: nunua zaidi. Jina la sheria lilitolewa na mwandishi George Gilder mwaka 1993. Udhaifu wake ni kudhani kila jozi ina thamani sawa. Mwaka 2006 watafiti Briscoe, Odlyzko na Tilly walitetea n mara logi ya n kuwa karibu zaidi na hali halisi. Sisi tunakubaliana nao, hasa kwa mitandao mikubwa.

Ni kweli alikula gazeti?
*Msomaji, Zanzibar*

Alikula makala yake. Akiandikia jarida la kompyuta la InfoWorld, Desemba 1995, alitabiri kwamba intaneti ingeanguka vibaya mwaka 1996, na kuahidi kuyala maneno yake isipoanguka. Aprili 1997, mbele ya mkutano wa wataalamu wa wavuti huko Santa Clara, California, aliisaga karatasi ile kwenye blenda pamoja na maji na kuinywa. Baadaye alifanya kazi ya mitaji ya ubia katika kampuni ya Polaris, akafundisha Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kuanzia 2011 hadi 2021, na mwaka 2022 alirudi MIT kama mtafiti.

Kebo ninayovuta leo yenye RJ45 ina uhusiano gani na ya 1973? Na mbona nimebana plagi, taa zote nane za kipimio zinawaka, lakini mtandao unakwama?
*Fundi wa kompyuta, Mbeya*

Kwa umbo hazifanani hata kidogo. Koaksia ya pamoja iliachwa baada ya 1990, kiwango cha nyaya zilizosokotwa jozi jozi kilipopitishwa: kila kompyuta na kebo yake hadi habu, baadaye swichi, isizidi mita 100. Kifaa cha kati ambacho Metcalfe alikikwepa kikarudi, kwa kuwa kebo moja ikikatika sasa anaathirika mmoja. Zilizobaki ni fremu, anwani za biti 48 na jina.

Tatizo lako linaelekea kuwa jozi zilizochanganywa. Kipimio cha taa kinaangalia kama waya namba 3 umefika namba 3, hakijui umesokotwa na nani. Mtu akipanga rangi kwa kufuatana, yaani jozi kwenye 1-2, 3-4, 5-6 na 7-8, taa zote zitawaka. Lakini mtandao unatuma wimbi kwenye 3 na 6 kama jozi moja. Zikiwa zimetoka kwenye misokoto miwili tofauti, kila mmoja unavujisha wimbi kwa jirani. Kwa mita 2 pengine utapita. Kwa mita 40 utapoteza pakiti, au kadi itashuka hadi megabiti 10.

Kata plagi zote mbili upange hivi, kushoto kwenda kulia, meno ya shaba yakikutazama na kebo ikielekea chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya plagi ili libanwe nalo.

Ikiwa bado inakwama, fungua mipangilio ya swichi na ya kadi. Upande mmoja ukiwekwa kwa mkono kutuma na kupokea kwa pamoja, na mwingine ukiachwa ujipangie, huu wa pili hauwezi kuujua mpango wa mwenzake, kwa hiyo unarudi kwenye kanuni za zamani za kusikiliza na kungoja. Mmoja anatuma bila kusikiliza, mwingine anaona migongano, tena ile ya kuchelewa. Ping, jaribio la kuona kama kompyuta ya pili inajibu, itapita vizuri kwa kuwa ni pakiti chache ndogo, ila faili kubwa litajikongoja. Ziache pande zote mbili zijipangie zenyewe, au ziwekwe zote kwa mkono zikiwa sawa.